Je, Wajua? Maajabu ya Sahani ya Harusi ya Kabras

Harusi ya Kabras, kwa Waluhya wa Magharibi mwa Kenya, haifichiki. Ukipita Malava Jumamosi ya mwezi wa Desemba, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, moshi wa mafiga utakuonyesha njia kabla hujaliona hema. Wageni huja kwa ajili ya maharusi, bila shaka. Lakini tuambiane ukweli: kufikia saa saba mchana, wengi macho yao yako jikoni. Na jiko hilo, ukilichungulia vizuri, lina habari za Ecuador, za Misri, za Malaysia na hata za dainosori.

Babu yake kuku bado anaishi porini Malaysia

Jogoo wa kienyeji anayewika Chegulo na kuku wa gredi aliyesongamana kwenye kreti sokoni wana ukoo mmoja. Asili yao kuu ni ndege mwekundu wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki, na ndege huyo hajatoweka: mpaka leo anachakura kwenye misitu ya Malaysia na Thailand, na jioni huruka kwenda kulala mtini. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kwamba mifupa ya zamani kabisa wanayoikubali kuwa ya kuku wa kufugwa ilipatikana Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo.

Kilichomshusha ndege huyo kutoka mtini, wanasema, ni nafaka. Watu walipoanza kulima mpunga, punje zilizomwagika zilimvuta karibu na nyumba, na hakurudi tena. Leo duniani kuna kuku karibu watatu kwa kila binadamu mmoja. Kwa hiyo Mluhya akitaniwa kwa kupenda kuku, ajibu tu kwamba dunia nzima imeshamfuata.

Bibi harusi wa zamani hakuonja kuku wa harusi yake

Hili huwashangaza vijana wengi. Kwa vizazi na vizazi, miongoni mwa jamii za Waluhya, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alimfuga, alimkimbiza, alimchinjisha, alimnyonyoa, alimpika kwa ustadi, kisha akamwandalia mumewe na wageni wa kiume na yeye akala mboga. Mama mkwe aliyeheshimiwa kijiji kizima angeweza kupika kuku mamia maishani mwake bila kujua ladha ya paja.

Mwiko huo ulianza kuvunjika mwanzoni mwa karne ya 20, dini mpya na shule zilipoingia. Baadhi ya wanawake walioongoka walikula kuku waziwazi ili watu waone kwamba wamebadilika na kwamba hakuna aliyekufa. Nathubutu kusema hapo ndipo mapinduzi ya Magharibi mwa Kenya yalipoanzia: mezani, kwa kipande cha bawa.

Firigisi ni meno yaliyofichwa tumboni

Kuku hana jino hata moja. Humeza vijiwe, navyo hukaa ndani ya firigisi, msuli mnene unaosaga punje mpaka ziwe unga. Mamba naye humeza mawe, na mawe ya namna hiyo yamekutwa ndani ya mabaki ya baadhi ya dainosori, ambao ndio mababu wa ndege wote. Firigisi, basi, ni urithi wa kale sana.

Waluhya huiita imondo, na kwa desturi si ya kila mtu. Ni haki ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye baba huyo ameamua kumpa heshima kubwa kuliko zote. Mkwe akiletewa kuku na imondo haipo, hilo si jambo la kupuuzwa. Wazee wataulizana kwa macho kwanza, halafu kwa midomo. Ndiyo maana mpishi mwenye busara huhesabu firigisi kabla ya kuhesabu mapaja, na watoto wanaozungukazunguka karibu na sufuria hufukuzwa mapema.

Ugali wa harusi una damu ya Ecuador

Mahindi yalianzia Mexico, ambako watu waliyafuga kutoka nyasi ya mwituni miaka 9,000 hivi iliyopita. Wareno waliyaleta pwani ya Afrika Mashariki, lakini mahindi meupe ya ugali tunaoujua yalikuja kuenea Magharibi mwa Kenya katika karne ya 20 tu. Maana yake, bibi yake bibi yako huenda aliolewa bila ugali mweupe hata tonge moja.

Kisha likaja tukio la Kitale. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha huko kilitoa mbegu chotara ya H611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na aina iliyoletwa kutoka Ecuador, ng'ambo ya bahari. Chotara lile lilizaa kuliko wazazi wake wote wawili, na wakulima wa nyanda za juu wakalipokea kwa mikono miwili. Mbegu nyingi zilizofuata za Kitale zina ukoo huohuo. Mahindi nayo yalilipiwa mahari, kama unapenda kuliona hivyo.

Lakini mzee wa meza ni wimbi

Kabla ya mahindi, ugali wa heshima Kabras ulikuwa wa wimbi, mweusi-mwekundu, wa kumeza taratibu. Wimbi ni mzaliwa wa ukanda wetu, nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na sifa zake zinakaribia majigambo. Gramu 100 za wimbi zina kalisi ya miligramu 340 hivi, karibu mara tatu ya maziwa yenye uzito huohuo. Punje zake ni ndogo mno kiasi kwamba wadudu wa ghalani hawana pa kujificha ndani yake, na zikikauka vizuri zinaweza kukaa miaka kumi bila kuharibika. Mzazi angeweza kuweka akiba ya harusi mtoto akiwa bado anatambaa.

Na hapa ndipo pananifurahisha zaidi. Wimbi lilisafiri kutoka Afrika hadi India miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Leo, katika jimbo la Karnataka, watu husonga unga wake kwa maji ya moto, huufinyanga uwe donge jeusi, humega kwa vidole na kuchovya kwenye mchuzi, mara nyingi wa kuku. Wao huita chakula hicho ragi mudde. Mtu wa Malava akialikwa huko hatahitaji kufundishwa chochote.

Mboga iliyopigwa marufuku na khalifa

Mrenda ule unaoteleza, ambao mgeni wa Nairobi huutazama kwa mashaka, uliwahi kuzua amri ya dola. Khalifa al-Hakim, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 996 hadi 1021, aliharamisha mboga hiyo kwa raia zake. Wamisri walimsubiri aondoke, wakaendelea kupika. Leo mulukhiyah, kama wanavyoiita, ni miongoni mwa vyakula wanavyojivunia mno, na wao hula na wali au mkate, wakati mwingine na sungura.

Kuna la pili. Jamaa huyohuyo wa mrenda, akiachwa akue mrefu, shina lake hutoa nyuzi za kusokotea magunia. Mmea mmoja hutia mboga mezani na mahindi guniani.

Munyu si chumvi, na ungeweza kuwa sabuni

Ukitaka kujua kama mpishi wa harusi ni fundi wa kweli, usimuulize kuhusu viungo vya pakiti. Muulize munyu wake ameuchuja na nini. Maganda ya maharagwe, magunzi ya mahindi au maganda ya ndizi hukaushwa, huchomwa, jivu hutiwa kwenye chombo chenye matundu chini, maji humwagwa juu, na kinachodondoka ni maji ya rangi ya chai. Waluhya wengi huyaita omusherekha.

Chumvi ya dukani ni sodiamu na klorini. Munyu ni potasiamu zaidi, tena una ukali kinyume na ule wa limau. Ukali huo hulainisha nyuzi za majani magumu upesi na huacha mboga ikiwa ya kijani hata baada ya kuchemka muda mrefu, jambo linalookoa kuni nyingi unapopikia watu mia tatu. Gharama yake ni kwamba hupunguza vitamini C. Na maji hayohayo ya jivu, ukiyachemsha pamoja na mafuta, hukupa sabuni: ndivyo watu walivyotengeneza sabuni katika sehemu nyingi za dunia kabla ya viwanda. Mpishi wa Kabras anajua mahali pa kusimama kabla ya kufika huko.

Saga hubembelezwa kwa maziwa

Saga ni chungu, na haitaki haraka. Huchemshwa, maji humwagwa, hutiwa maziwa au malai, hulala chunguni, na kesho yake hupashwa moto tena. Wapo wanaoapa kwamba siku ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Huchanganywa pia na kunde au mitoo, kila moja ikisahihisha kasoro za mwenzake, na mchanganyiko huo ndio unaosubiriwa na wazee waliokwisha kuchoka na nyama.

Mboga hizi zina mtetezi mkubwa: Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Alipokuwa mtoto, maziwa, mayai na samaki vilimdhuru, basi nyumbani wakamlisha mboga za kienyeji. Alipokua, akazifanya kazi ya maisha yake, wakati ambapo wataalamu wengi waliziona kama magugu tu. Leo zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi, na bei yake si ya magugu.

Mrija wa busaa una ndugu wa dhahabu

Zamani, bila chungu cha busaa harusi ilikuwa mkutano tu. Unga wa mahindi uliovundikwa hukaangwa, huchanganywa na kimea cha wimbi, huachwa uchachuke, na wazee huketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija una chujio nchani, na kwa sababu nzuri: busaa ina machicha mengi.

Sasa sikiliza. Mwaka 1897, kwenye kaburi la kale huko Maykop, kusini mwa Urusi, ilichimbuliwa mirija ya dhahabu na fedha yenye urefu wa zaidi ya mita moja. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walidhani ni fimbo za kifalme au nguzo za kushikilia kitambaa. Mwaka 2022 watafiti waliichunguza upya, wakakuta mabaki ya nafaka ndani yake na vichujio kwenye ncha, wakasema hii ni mirija ya pombe, ya miaka zaidi ya 5,000. Mzee yeyote wa Kabras angewaambia hivyo tangu asubuhi ya kwanza, na asingewatoza ada.

Kwa nini basi harusi nyingi siku hizi zinakunywa chai?

Kwa sababu ya Waingereza wa karne ya 17, kwa njia ndefu kidogo. Dhehebu la Marafiki, yaani Wakweka, lilianzishwa Uingereza wakati huo. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu hilo, Hole, Hotchkiss na Chilson, walifika Kaimosi na kuanzisha misheni. Kutoka hapo imani ilienea Maragoli, Kabras na Bungoma, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani.

Marafiki hawa wanakataa pombe. Chungu kikaondoka, birika likaingia. Lakini angalia ilivyokuwa kwao Uingereza: familia za Cadbury, Fry na Rowntree, wale wa chokoleti, zote zilikuwa za Wakweka, na waliipigia debe kakao kama kinywaji cha kumtoa mtu kwenye ulevi. Huku kwetu kazi hiyo imefanywa na chai ya maziwa, yenye sukari isiyoogopa kitu.

Harusi ikiangukia wakati wa kumbikumbi, una bahati

Mchwa ni wakulima, na wameanza kilimo mapema kuliko sisi. Kwa miaka milioni 30 hivi wamekuwa wakipanda uyoga ndani ya vichuguu vyao, wakiulisha majani na miti iliyotafunwa. Malkia mmoja wa mchwa wakubwa wa kichuguu anaweza kutaga mayai zaidi ya 20,000 kwa siku.

Mvua zikishika, kichuguu hutoa mazao mawili kwa ajili ya meza ya Kabras. La kwanza ni uyoga mweupe unaochomoza juu yake, obwoba, ambao wenyewe husema nyama iketi pembeni. La pili ni kumbikumbi, tsiswa, wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Tena hawasubiriwi kwa uvumilivu: watu hugonga vijiti juu ya kichuguu kwa mdundo wa haraka, mpaka mchwa wakadhani mvua inanyesha, wakatoka wenyewe.

Njugu mbili, mabara mawili, tabia moja

Njugu karanga huchanua juu ya ardhi kisha hujizika. Ua likishachavushwa, kikonyo chake huinama, huingia udongoni, na ganda hukua gizani. Zimetoka Amerika ya Kusini. Njugu mawe, tsimbande kwa wenyeji, ni za Afrika kabisa, nazo pia huzalia ardhini. Hakuna aliyemuiga mwenzake. Ndivyo maumbile yalivyowapeleka. Sherehe ikiendelea, zote mbili hukutana kwenye ungo mmoja, zikipoza njaa ya wale ambao chakula chao kimechelewa kwa sababu ya hotuba.

Kwa Wamalay, mgeni huondoka na yai

Kwa kuwa babu yake kuku wetu bado anaishi kwao, si vibaya kuuliza harusini kwao huliwa nini. Kwenye harusi ya Kimalay huandaliwa nasi minyak, wali uliopikwa kwa samli, mdalasini, karafuu na iliki. Mtu wa Mombasa angeunusa na kutafuta kiti. Pembeni kuna rendang, nyama iliyochemshwa kwa tui kwa saa kadhaa mpaka tui lote likauke na nyama ijikaange. Majirani hupika pamoja kwenye masufuria makubwa, wanaume wakikoroga, wanawake wakikatakata, kama ilivyo Kabras. Na kila mgeni hukabidhiwa yai la kuchemsha lililopambwa kwa ua, ishara ya kuwatakia maharusi uzazi. Siku hizi wengi huweka peremende au keki mahali pa yai.

Fikiria sasa: yai hilohilo, ambalo Mmalay alimpa mgeni kama dua ya watoto, Mluhya wa zamani alimnyima mwanamke kabisa.

Mboga zetu zimeshafika UNESCO

Mwaka 2007 Kenya ilianza kazi ya kuviokoa vyakula vya kienyeji, maana watu walikuwa wameanza kuviona ni vya maskini. Mimea ya asili ipatayo 850 iliorodheshwa kwa majina yake ya kienyeji, na wanafunzi wa shule za msingi wakapelekwa kuwauliza wazee namna inavyopikwa. Desemba 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kulinda utamaduni. Isukuti, ngoma ya majirani Waisukha na Waidakho inayopigwa kwenye harusi mpaka vumbi likainuka, ilikuwa imetangulia kuingia kwenye orodha ya shirika hilo mwaka 2014, ile ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka.

Kuku wa harusi hupangwa tangu kabla ya barua

Kuku wa gredi huwa tayari kuchinjwa baada ya wiki sita hivi. Wa kienyeji, anayejitafutia, huchukua miezi mitano au sita, na nyama yake hupiganwa nayo jikoni kwa saa mbili au zaidi. Kwa hiyo familia inayotaka harusi ya Desemba yenye kuku wa haki, vifaranga vyake viwe vimeshaanguliwa kufikia Juni. Kamati za harusi huhangaika na bajeti, magari na sare, nami sielewi kwa nini wenyekiti hawaanzi na suala la mitetea.

Na keki?

Keki ni ya juzi, lakini sukari yake huenda ni ya nyumbani. Miwa imezizunguka nyumba nyingi za Kabras, na kiwanda cha sukari kinachobeba jina la eneo hilo kina hata timu ya raga, iliyotwaa Kombe la Kenya mwaka 2016. Muwa wenyewe ulitoka New Guinea, kisiwa kilichoko upande wa mashariki wa nchi za Wamalay, na wakulima wa kwanza wa huko hawakuusaga wala kuuchemsha. Waliutafuna tu, vile watoto wa Malava wanavyoutafuna barabarani wakati magari ya maharusi yakipita.